Gurudumu Ambalo Halikulia

Kwetu, mwanamume halali chini mbele ya mama mkwe. Hainami mbele yake, hamgeuzii mgongo, na akimwona anakuja njiani humpisha, hata kama njia yenyewe inatosha malori mawili kupishana. Hayo nilifundishwa kabla sijaota ndevu, na sikuona ugumu wake mpaka nilipokuwa mtu mzima hapa Birmingham, nina gari la umeme, na mama mkwe ndiye abiria wangu.

Figo zake zilikuwa zimechoka. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilibidi afike kituo cha kusafishia damu saa moja asubuhi, aunganishwe na mashine, akae nayo mpaka karibu na adhuhuri. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, na saa hiyo huwa bado yuko wodini. Kazi yangu mimi, ya kuwatunza vijana wenye ulemavu, huanza mchana, na huko huenda kwa treni. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na kazi moja hasa, nayo ilikuwa mama.

Mimi na mke wangu ni wa makabila mawili tofauti ya magharibi mwa Kenya. Makabila hayo hayakubaliani kuhusu chakula, wala siasa, wala nani aliiba ng'ombe wa nani zamani. Kwa habari ya wakwe, lao ni moja. Basi mama alipokuja kukaa nasi Erdington tulijipanga. Chumba cha mbele cha chini kikawa chake, nami nikawa mtu wa mlango wa nyuma. Yeye alikula chumbani, mimi nikala jikoni. Alilotaka kuniambia alimwambia binti yake, na binti yake akaniambia. Nililotaka kumjibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Jina langu hakulitaja hata siku moja. Nilikuwa "mwenyewe" au "huyo mkwe," na siku akiwa na furaha sana nilikuwa "baba ya mjukuu wangu." Mjukuu mwenyewe alikuwa chuoni mji mwingine, akijibu salamu za nyanya yake kwa Kiingereza.

Watu hucheka nikiwaeleza. Wanadhani tulikuwa tumekosana. Hatukuwa tumekosana hata kidogo. Nilimpenda mama yule, na nadhani alilijua hilo kwa sababu sikuwahi kumsogelea.

Ndani ya gari ndipo mambo yalipokuwa magumu. Alikaa nyuma, upande wa kushoto, mkoba mapajani, nami nikatazama barabara. Hapakuwa na wa kutusemea. Mara moja niliwasha joto kupita kiasi kwa kumhurumia. Nilimsikia akifungua vifungo vya koti, kimoja, kingine, kingine, halafu akijipepea na karatasi ya kanisani, lakini hakusema neno. Nilipokuwa nimeshamfikisha na kurudi nyumbani ndipo ujumbe wa mke wangu ulipoingia kwenye simu: "Mum anauliza kama ulikuwa unamchoma ama unamkaanga." Mama alikuwa amejaribu kumpigia tukiwa njiani, nyuma yangu hapo hapo, na mke wangu hakuweza kushika simu kwa sababu alikuwa na mgonjwa, mpaka baadaye.

Halafu ikaja Alhamisi ya barafu.

Mtaa wetu uko bondeni, na kutoka ni lazima upande kilima kifupi cha kuudhi. Kilima chenyewe si cha kutisha. Mtoto hukipanda na baiskeli. Lakini asubuhi ile lami ilikuwa imeng'aa. Gari langu husukumwa na magurudumu ya nyuma, tena ni zito, maana betri imelala chini ya sakafu yote. Tulipofika katikati ya mlima magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Tukasimama. Kisha, breki nikiwa nimezikanyaga kwa nguvu zangu zote, tukaanza kurudi nyuma, kwa upande, polepole, kuelekea magari yaliyoegeshwa. Usukani haukuwa wangu tena. Mama hakupiga kelele. Nilimsikia akimtaja Mungu mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, halafu gurudumu likagonga ukingo wa barabara, tukatulia.

Hatukuumia. Nilingoja kupambazuke na barafu ilegee kidogo, nikapanda kwa mwendo wa maziko, tukafika tumechelewa. Aliunganishwa na mashine, nikamrudisha mchana barafu ikiwa imeyeyuka. Nikadhani yameisha.

Jioni mke wangu alikuja jikoni, akafunga mlango.

"Mum hataki tena," akasema.

"Hataki gari? Tutaita teksi."

"Si gari peke yake. Hataki hospitali. Amesema it's enough."

"Enough ya nini?"

"Ya kila kitu. Amesema nikwambie ameshukuru. Ameishi vizuri. Kama ni kufa, afie kitandani akiwa amenyooka, asiokotwe barabarani kwa nchi ya watu."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, si yeye. Labda niliukasirikia ule mlima. Mtu amevuka ujane, amevuka mwaka mzima wa sindano nene kama misumari, halafu ashindwe na mwinuko ambao hata jina hauna.

Jumamosi hakutoka chumbani. Wauguzi wa kituo walipiga simu, mke wangu akawajibu kwa sauti yake ya kazini. Alijua kuliko mimi kinachofuata: maji hujaa mwilini, miguu huvimba, kifua hubana, chumvi za damu hupanda mpaka moyo ukakosa mdundo. Kukosa mara moja mtu anaweza kuvumilia. Kukosa mara mbili mfululizo ni kucheza na kaburi. Baada ya simu ile alifungulia maji ya bomba yamwagike kwenye sinki, ili mama asimsikie akilia.

Nilimtuma apeleke mapendekezo. Teksi? Mama akasema gari ni gari, na barafu haiulizi dereva ni nani. Usafiri wa wagonjwa? Aliwahi kuujaribu, uliwazungusha wengine kwanza, naye akitoka kwenye mashine hana nguvu ya kukaa wima. Nikatuma neno la mwisho: je, gari lisiloteleza? Jibu lilirudi upesi. "Amesema halijazaliwa."

Sasa, kwenye ukumbi wetu, nyuma ya makoti, kulikuwa na magurudumu manne. Niliyaagiza tangu majani yalipoanza kupukutika: tairi laini za baridi, zenye mikunjo mingi ya kushika barafu, zikiwa zimeshafungwa kwenye rimu zake. Hayakuwa ya kampuni iliyotengeneza gari. Yalikuwa ya kununua kando, yakaletwa na mtu wa mizigo aliyeyabiringisha moja moja hadi mlangoni. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mzee Mwingereza mwenye moyo mzuri, alicheka sana siku ile. Akaniambia theluji hapa huja siku mbili kwa mwaka, na siku hizo mbili watu hukaa nyumbani. Nilimwambia kwamba figo hazijui kukaa nyumbani.

Yalikuwa yamekaa pale kwa sababu ya mafundi. Gereji ya kwanza ilisema haifungi magurudumu ambayo haikuuza yenyewe. Ya pili ilisema gari la umeme hailinyanyui, inaogopa betri. Ya tatu ilinipa tarehe ya mbali, na utabiri wa hewa ulikuwa umesema baridi kali ingerudi Jumatatu usiku. Jumanne saa moja asubuhi kiti cha mama kilikuwa kinamngoja kando ya mashine.

Nikaamua nitayafunga mwenyewe. Sikumwambia mtu kwamba sijawahi kuligusa gurudumu la gari lile. Nilisoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayejiandaa kubatizwa.

Jumamosi hiyo hiyo nilianza, nikashindwa. Jeki niliyokuwa nayo ilikuwa ya gari letu la zamani, kitu cha kukunjua kwa mkono. Ilinyanyua kidogo, ikalalama, ikaanza kuinama pembeni. Niliishusha haraka. Gari kama lile lina sehemu nne tu za kulinyanyulia, tundu ndogo chini ya kingo zake. Ukikosea ukaweka jeki kando, unatoboa sakafu, na sakafu ndiyo betri. Nikarudisha kila kitu ndani kwa aibu.

Jumapili baada ya ibada nilimweleza ndugu mmoja Mkongomani tunayeimba naye kwaya. Hakucheka.

"Miye niko na cric ya muzuri, ndugu," akasema. "Ile ya magurudumu, ya garage. Kuya utwale leo. Na clé ya kukaza, ile inasema tak. Lakini voiture ya batterie, attention. Usiweke chuma juu ya chuma. Utie kipande cha caoutchouc katikati."

Cric ni jeki. Voiture ni gari, na attention ni tahadhari. Caoutchouc ni mpira. Nilikwenda kuvichukua kwake Small Heath, na akanipa pia kipande cha mpira mnene alichokata mwenyewe, duara, cha kuingia kwenye tundu. Ile clé ilikuwa spana ndefu yenye mpini unaopimwa. Unaipangia kiasi cha nguvu, unakaza nati, na nati ikifika kiasi chake spana inalia: tak. Ikilia, acha. Isipolia, bado.

Jumatatu asubuhi nilimsubiri mke wangu arudi kutoka kazini. Nilikuwa na ombi moja la kupeleka.

"Mwambie mama nitafanya kazi mbele ya dirisha lake. Nitalala chini. Naomba afunge pazia."

Alikwenda, akarudi. "Amefunga. Ameuliza kazi gani."

"Mwambie nazaa lile gari alilosema halijazaliwa."

Mke wangu alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala usiku kucha. "Hiyo siwezi kumwambia," akasema, akapanda juu kulala.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye sementi mbele ya nyumba, ubavu mmoja karibu na ukuta, hatua chache kutoka kwenye dirisha lenye pazia la maua. Niliweka matofali mbele na nyuma ya magurudumu. Nililegeza nati zote kidogo gari likiwa bado chini, kama kitabu kilivyosema, kisha nikalala kifudifudi kwenye ile sementi ya baridi kutafuta tundu la kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, ila hawakutaja nani awe dirishani wakati mtu anainama. Niliweka mpira, nikaweka jeki, nikapiga mpini. Gari lilipanda bila kulalamika. Nilifurahi mpaka nikajisemesha.

Furaha haikudumu. Nilitoa nati zote, nikavuta gurudumu, likakataa. Lilikuwa limegandana na chuma cha ndani kwa kutu na chumvi wanayomwaga barabarani. Nilivuta, nikasukuma, nikalitukana kwa lugha ya mama yangu, maana kwa ile ya mama mkwe angenielewa. Mwishowe nikarudisha nati mbili kwa mizunguko michache ili lisiniangukie, nikaketi chini, nikajiegemeza kwa viganja, nikaanza kulipiga mateke kwa visigino, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mzee wa ng'ambo alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama kutazama.

Sikuacha. Nilikuwa nikiona miguu ya mama. Mke wangu alikuwa amenieleza asubuhi ile kwamba imevimba, kwamba viatu havimwingii tena, na kwamba usiku alikaa kitini kwa sababu akilala pumzi inakata. Kila teke niliyapigia yale maji yaliyojaa miguuni mwake. Lilipobanduka lilibanduka ghafla, nikaanguka chali. Mzee wa ng'ambo aliinua kikombe kunipongeza, akarudi ndani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa na njia yake. Nilisugua kutu kwa brashi ya chuma. Niliingiza pete nyembamba ya plastiki iliyokuja na rimu, maana rimu za kununua kando huwa na tundu kubwa la katikati, na bila pete gurudumu halikai sawasawa. Nilitazama mshale ubavuni mwa tairi ili lizunguke upande unaotakiwa. Nilipandisha gurudumu kwa goti, nikatia nati kwa vidole, nikashusha gari, nikachukua spana ndefu. Tak. Nikaruka nati ya upande wa pili. Tak. Unakaza kwa kuvuka, hukazi kwa kuzunguka, ili gurudumu likae wima. Tak. Mtaa ulikuwa kimya na sauti ile ilisikika vizuri. Kila iliposikika niliona Jumanne inakaribia kuwezekana.

La kwanza likaisha, la pili likaisha. La tatu lilinipiga kidole gumba, ukucha ukawa mweusi, likaisha. La nne lilikuwa la nyuma, upande wa ukuta, mahali pembamba, panapotosha mlango tu kufunguka. Nililiweka, nikatia nati kwa vidole, nikashusha gari, na nikalala tena kifudifudi, makalio juu na kichwa chini, kuuvuta ule mpira uliokuwa umekwama kwenye tundu lake. Nikasikia mlango wa mbele unafunguka.

Mama alikuwa hajatoka nje tangu Alhamisi.

Sijui niliinukaje. Najua niligonga kisogo kwenye ubavu wa gari, nikaona nyota mchana. Nilijifuta mikono, nikatazama chini, nikarudi kinyumenyume bila kumpa mgongo hadi kwenye ujia ulioko kando ya nyumba, nikasimama nyuma ya kona kama mwizi wa kuku. Ndivyo ilivyopasa. Mtu hawezi kukutwa na mama mkwe katika hali ile kisha aendelee na kazi kana kwamba aliyepita ni tarishi.

Nilisikia ndara zake zikiburuzika kwenye sementi. Alikuwa amebeba maganda ya viazi, akayatia kwenye pipa la taka lililoko kando ya mlango. Lakini baada ya kifuniko kushuka ndara hazikurudi. Alisimama. Alizunguka gari taratibu, akipumua kwa shida, na mimi nikiwa nyuma ya kona nilipumua naye. Ilichukua muda mrefu. Kisha mlango ukafungwa.

Niliporudi kwenye gari, mpira ulikuwa umetoka, jeki ilikuwa imeshuka, na gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake manne meusi mapya. Kisogo kiliniuma. Treni ya kunipeleka kazini ilikuwa imekaribia. Nilitazama ile kazi, nikaona imekwisha. Nilikusanya vyombo, nikavirudisha ndani, nikaosha mikono, nikaondoka nikikimbia.

Niliporudi kulikuwa kumeshaingia giza, mke wangu ameshakwenda zamu yake, na kilima kilikuwa kimeanza kung'aa. Chumba cha mama kilikuwa na taa. Nilitaka sana kuuliza kama kesho tunakwenda, na hapakuwa na wa kumtuma. Nilimwandikia mke wangu. Alijibu alipopata nafasi: "Hajasema kitu. Usimlazimishe. Lakini ukae tayari."

Basi nilikaa tayari. Asubuhi nililiwasha joto la gari kwa simu, nikakwangua barafu ya vioo, nikafungua mlango wa nyuma wa kushoto, nikasimama upande wa pili, mbali, nikitazama chini. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilijiambia kwamba nitasimama pale hadi saa ya mashine ipite, na ikipita nitajua nimeshindwa, lakini sitaingia ndani kabla.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, soksi nene na ndara, na mkoba wa hospitali mkononi. Nusura nipige kelele. Alishuka ngazi moja, akashika mdomo wa pipa la taka, akasimama hapo. Hakulisogelea gari. Nikafikiri ameogopa tena.

Kisha akasema, kwa sauti ya wazi, macho kwenye kifuniko:

"Wewe pipa."

 Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wa zamani walifanya hivyo, wakikosa mjumbe walikitumia chungu, au ufagio, au mbwa. Sikuwahi kuliona hilo kwa macho yangu.

"Wewe pipa, mwambie mwenyewe. Jana nilifunga pazia, lakini masikio hayana pazia. Gurudumu la kwanza nililisikia likilia. La pili likalia. La tatu likalia. Hili la nyuma hapa kwa ukuta halikulia. Nilitoka nikaliona limekaa, nikarudi ndani nikangoja lilie. Nikadhani atarudi kulimalizia. Hakuja."

 Niliingia kwenye ule wembamba kando ya ukuta, nikapiga magoti, nikashika nati ya kwanza kwa vidole. Ilizunguka. Ya pili ikazunguka. Zilikuwa vile vile nilivyoziacha aliponikuta. Nilikuwa nimelala kwenye sementi asubuhi nzima ili mama asife, kisha nikamwandalia gurudumu la kuchomoka barabarani, yeye akiwa amekaa juu yake hasa, nyuma, kushoto. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mlima. 

Nilipoinuka nilipita mlango wa nyuma, nikaleta spana. Wakati huu sikumwomba aondoke, wala yeye hakuondoka. Niliinama mbele yake, mgongo wangu ukimtazama, mambo mawili kwa mpigo ambayo baba yangu angenichapia fimbo, nikakaza. Tak. Nikavuka. Tak. Kila nati ilipolia nilisikia nyuma yangu "mm," ya mtu anayepokea hesabu iliyo sawa. Nilipomaliza nati zote nilikwenda kwenye magurudumu mengine matatu, nikayarudia yote, ingawa tulikuwa tunachelewa.

"Pipa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu. "Mwambie mama nimekosa. Na mwambie asante."

Pipa halikuchelewa.

"Mwambie asijali. Mtu hawezi kupigana na chuma mbele ya dirisha langu siku nzima, nami nikajifanya nimelala."

Akaachilia pipa, akaja, akaingia garini mwenyewe. Nilimfungia mlango bila kumtazama.

Kwenye kilima nilisita kidogo chini, nikavuta pumzi, nikakanyaga. Kulikuwa na gari moja limekwama katikati, taa zake zikiwakawaka, na mwenyewe amesimama kando amejishika kiuno. Tulimpita. Magurudumu yalitoa mlio mzito wa kutafuna, yakashika, yakapanda. Skrini ilinililia kwamba haiyatambui magurudumu haya, nami nikaiacha ilie. Juu, barabara kuu ilikuwa imemwagiwa chumvi na mabasi yalikuwa yanatembea. Nilitaka kupiga kelele ya shangwe, lakini mama alikuwa nyuma, kwa hiyo nilikohoa.

Tulikwenda hadi taa za kwanza za barabarani. Nilikuwa nimewasha joto kwa ajili ya miguu yake. Nikasikia kifungo cha koti kinafunguliwa, halafu kingine, halafu ile karatasi ya kanisani. Nilianza kumfikiria mke wangu wodini, kama angeweza kushika simu.

"Wewe gari," mama akasema nyuma yangu.

Nikakaa wima.

"Mwambie mwanangu apunguze hili joto. Na Alhamisi asiliwashe kabisa. Nitavaa sweta."

Taa ilikuwa ya kijani na mtu wa gari la nyuma yetu alikuwa ameshaanza kupiga honi. Nilipunguza joto, nikaondoa gari.